Tembo wa Buenos Aires na wasomaji waliomwelewa

Machi 24, 2026 Argentina ilitimiza miaka 50 tangu majenerali walipompindua Rais Isabel Perón na kuanzisha utawala wa kijeshi uliodumu hadi Desemba 10, 1983. Kila mwaka tarehe hiyo inapokaribia, orodha ya vitabu vya watoto vilivyopigwa marufuku na utawala ule huanza kuzunguka mitandaoni, na kichwani mwa orodha hukaa karibu mara zote tembo wa sarakasi aitwaye Víctor. Watu huisoma na kucheka. Jeshi lenye vifaru, ndege na manowari, wanasema, liliogopa tembo wa kwenye hadithi, basi lilikuwa jeshi la wajinga. Kicheko hicho nakielewa, na wala hakitoki moyo mbaya, kwa kuwa anayemcheka dikteta amekwisha kumpunguza kimo. Hata hivyo naamini kinatupitisha kando ya jambo lenyewe. Walioandika amri za kufungia vitabu vya watoto Argentina walijua kusoma. Walikuwa wasomaji makini, wengi wao raia wenye vyeti na nafasi serikalini, waliotambua kwa usahihi hadithi zile zinamfundisha mtoto nini, na waliotaka kuamua wao mtoto wa nchi ile atakua akikumbuka nini na akisahau nini. Tukiwafanya vichekesho tunawapunguzia hatia, na tunajinyima njia ya kuwatambua wenzao watakapotokea tena, safari hii pengine bila gwanda.

Tuanze na tembo mwenyewe. Elsa Bornemann alichapisha *Un elefante ocupa mucho espacio*, yaani tembo huchukua nafasi kubwa, mwaka 1975, na mwaka uliofuata kitabu kikaingia kwenye orodha ya heshima ya tuzo ya kimataifa ya Hans Christian Andersen. Katika hadithi inayokipa kitabu jina, Víctor anaamua siku moja kufikiri kitembo, yaani kuwa na wazo kubwa linalolingana na mwili wake, na wazo hilo ni mgomo wa jumla wa wanyama wote wa sarakasi. Simba anamwuliza kama amepata wazimu. Tembo anamjibu kuwa mfalme wa wanyama siku hizi ni binadamu, hasa huku mbali na misitu yao. Mgomo unafanyika, wanyama wanawafundisha binadamu mchezo ule ule waliokuwa wakifundishwa wao, na mwishoni wanarudishwa Afrika kwa ndege mbili: moja ya wanyama wote, na nyingine ya Víctor peke yake, kwa sababu ambayo jina la kitabu limekwisha kuitaja. Nilipomsimulia mwanangu wa miaka saba kabla ya kulala, kilichomfurahisha zaidi ni kwamba tembo alikuwa anarudi huku kwetu. Kisha nikamweleza kuwa serikali ya kule ilikikataza kitabu hicho, akanyamaza kidogo, akauliza: "Kwa nini walikasirika, kama walijua ni tembo tu?" Swali hilo ndilo wacheka mitandaoni wanaliruka. Hawakujua kuwa ni tembo tu. Walijua si tembo tu, na walikuwa sahihi.

Amri ya rais namba 3155 ya Oktoba 13, 1977, iliyotolewa na Jenerali Jorge Rafael Videla, ilikifungia kitabu hicho pamoja na kingine cha Agnès Rosenstiehl kinachowaeleza watoto jinsi mtoto anavyozaliwa. Maneno ya amri yanastahili kusomwa polepole. Yanasema kuwa vitabu vyote viwili ni hadithi za watoto zenye kusudi la kupandikiza itikadi, na kwamba zinamwandaa mtoto kwa kazi ya baadaye ya kunaswa na fikra za waasi. Aliyeandika sentensi hiyo hakudai kuwa mtoto wa miaka saba atatoka kitandani na kwenda kushika bunduki. Alidai jambo la ndani zaidi: kwamba hadithi huacha kitu kinachokaa, na kwamba mtu aliyewahi, akiwa mdogo, kuwaona wanyonge wakikaa pamoja na kukataa, atakuwa na mahali pa kuanzia siku atakapoambiwa kuwa kukataa hakuwezekani. Sisi tuliokuzwa kwa ngano za sungura na simba hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Bibi aliyekuwa akisema "Paukwa!" na kungoja tuitikie "Pakawa!" alijua fika kwamba mbele yake wamekaa watu wadogo watakaokutana na simba wao ukubwani. Mdhibiti wa Buenos Aires aliijua fasihi ya watoto kama bibi alivyoijua. Tofauti yao ilikuwa upande waliosimama. Bornemann, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 25, akazuiwa pia kukanyaga shule yoyote ya umma, maana haikutosha kitabu kuondolewa, ilibidi na sauti iliyokitunga isisikiwe na watoto.

Anayedhani huo ulikuwa mkasa mmoja wa bahati mbaya na aangalie kesi ya Laura Devetach, ambayo kwangu ndiyo yenye mafunzo mengi kuliko zote. Kitabu chake *La torre de cubos*, mnara wa matofali ya kuchezea, kilitoka Córdoba mwaka 1966 na kilikuwa kimesomwa mashuleni kwa miaka zaidi ya kumi kabla ya kufungiwa. Marufuku ilianzia mkoa wa Santa Fe kisha ikaenea mikoani, nayo imeandikwa katika waraka namba 480 wa wizara ya elimu, wa Mei 23, 1979. Waraka huo ulitaja kasoro za kitabu moja baada ya nyingine: alama zenye utata, kuhoji mambo ya kiitikadi na kijamii, ukosefu wa vichocheo vya kiroho, na lile shtaka ambalo limekuwa maarufu kuliko yote, "fantasia isiyo na mipaka". Ukaongeza kuwa hadithi zake zinakosoa utaratibu wa kazi, mali binafsi na msingi wa mamlaka. Wanaoinukuu "fantasia isiyo na mipaka" kwa kicheko huwa hawafiki kwenye sehemu hii ya pili. Chukua hadithi moja ya kitabu hicho, ile ya mti wa Bartolo. Bartolo anapanda daftari, analimwagilia, na unaota mti unaozaa madaftari. Watoto wanachuma bure. Kabla ya hapo, tunaambiwa, madaftari yalikuwa ghali kiasi kwamba mama, badala ya kufurahi mwanawe ameandika hadi kurasa zimekwisha, hukasirika. Mama wa namna hiyo namjua, na msomaji wangu naye anamjua. Kisha anakuja muuza madaftari kutaka kuununua mti, Bartolo anakataa, muuzaji anarudi na askari, na watoto na wanyama wanakuja kumtetea Bartolo. Sasa niambie: je, hadithi hii haigusi mali binafsi? Haigusi mamlaka? Inagusa vyote viwili, kwa kurasa chache, kwa lugha ambayo mtoto wa darasa la pili anaielewa. Afisa wa wizara aliisoma vizuri kuliko mwalimu mvivu anayemwambia mtoto kuwa hadithi hii inatufundisha tu umuhimu wa kupanda miti.

Vipo vitabu vingine, na vyote vinaonyesha jicho lile lile. Septemba 3, 1976, kabla hata ya kutimia miezi sita tangu mapinduzi, vilifungiwa kwa amri moja kitabu cha Mario Lodi kuhusu rubani anayekataa kudondosha bomu, na kile cha Beatriz Doumerc na Ayax Barnes kuhusu mfalme anayeamuru nchi nzima ipakwe rangi ya kijivu hadi mtu mmoja anapoanza kupaka nyumba yake rangi nyingine. Februari 1977 ikawa zamu ya *Cinco dedos*, tafsiri ya kitabu cha Kijerumani ambamo mkono wa kijani unavikimbiza vidole vya mkono mwekundu mpaka vidole vinapogundua kuwa vikikunjamana vinakuwa ngumi. Mchapishaji wake, Daniel Divinsky, alisimulia kuwa malalamiko yalianzia kwa kanali mmoja wa Neuquén ambaye kitabu kilikuwa kimefika nyumbani kwake. Kijani ni rangi ya sare, na kanali hakuhitaji mtu wa kumfasiria. Divinsky na mwenzake Kuki Miler walikaa jela siku 127, kisha wakaenda uhamishoni Venezuela.

Hoja ya ujinga haikosi msingi kabisa. Inasimuliwa mara nyingi kwamba askari waliokuwa wakipekua nyumba walibeba vitabu vya uchoraji wa kubismo kwa kudhani vinahusu Kuba, na si ajabu kwamba kijana wa jeshi aliyetumwa usiku kupekua nyumba ya profesa alikusanya kila chenye jalada jekundu. Lakini upekuzi na udhibiti ni kazi mbili tofauti, zilizofanywa na watu tofauti. Miaka mingi baadaye nyaraka za udhibiti zilikutwa katika jengo la iliyokuwa Benki ya Taifa ya Maendeleo jijini Buenos Aires, na watafiti Hernán Invernizzi na Judith Gociol, walioandika juu yake mwaka 2002, walikuta humo taarifa za tathmini zilizoandikwa kwa weledi, zenye muhtasari wa kisa, uchambuzi wa lugha na mapendekezo. Hizo ni kazi za watu waliosomea kusoma. Wizara ya Utamaduni na Elimu ya taifa nayo, mwaka 1977, ilisambaza mashuleni kijitabu chenye kichwa kinachomaanisha uasi katika uwanja wa elimu, tumjue adui yetu. Humo fasihi ya watoto ina mahali pake: kijitabu kinaonya juu ya mashambulizi ya wazi ya Umaksi katika vitabu vya watoto, na kueleza kuwa lengo la mashambulizi hayo ni kutoa ujumbe unaoanzia kwa mtoto na kumwezesha "kujielimisha" kwa misingi ya uhuru na kuchagua. Soma tena. Hatari iliyotajwa hapo kwa maandishi, na wizara ya elimu, ni mtoto anayejielimisha. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, na wizara ile ilikuwa ikilinda haki ya kuwa mkunjaji pekee.

Hapa lazima nitofautiane pia na watetezi wa vitabu hivi, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakivitetea kwa kusema havikuwa na hatia yoyote: ni hadithi za watoto, tembo, matofali, madaftari, vidole. Utetezi huu una nia njema, lakini ukiutazama kwa makini unakubali sheria ya mdhibiti. Unasema, kwa maneno mengine, kwamba kitabu kikiwa na siasa ndani yake basi kilistahili kuchomwa, ila hiki hakina. Waandishi wale walikuwa na siasa. Shirika lililotoa kitabu cha nchi ya kijivu liliitwa Rompan Filas, amri ya kijeshi ya kutawanyisha gwaride. Devetach aliandika juu ya mali kwa sababu aliwaona watoto wasio na daftari. Ninachokitetea ni haki ya hadithi kuwa na maoni juu ya dunia na haki ya mtoto kukutana na maoni hayo, akayakubali au akayakataa, na akalala. Kitabu chenye maoni kinajibiwa kwa kitabu kingine.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kicheko hulificha kuliko yote. Utawala huu uliofungia hadithi ndio uliopora watoto wachanga. Wanawake wajawazito waliotekwa waliwekwa katika vituo vya siri, kikiwamo kile cha Shule ya Ufundi ya Jeshi la Majini, ESMA, wakajifungua wakiwa mahabusu, kisha mama akapotezwa na mtoto akapewa familia nyingine, mara nyingi ya mwanajeshi, polisi au mtu wao wa karibu, akaandikishwa kwa jina na kizazi kisicho chake. Mabibi wa Plaza de Mayo, waliojiunga pamoja mwaka 1977 kuwatafuta wajukuu hao, wanakadiria kuwa walikuwa kama 500. Kufikia Julai 2025 walikuwa wamepatikana 140. Mwaka 2012 mahakama ilimhukumu Videla miaka 50 jela baada ya kuthibitisha kuwa uporaji huo ulikuwa mpango, wala haukuwa ukatili wa askari mmoja mmoja. Jenerali Ramón Camps, aliyekuwa mkuu wa polisi wa mkoa wa Buenos Aires, aliueleza mpango huo baadaye bila kificho: wazazi waasi hulea watoto kuwa waasi, na hilo ilibidi lizuiwe. Linganisha kauli hiyo na ile amri ya tembo, inayosema hadithi humwandaa mtoto kwa fikra za uasi. Ni wazo moja. Mtoto ni mahali ambapo kumbukumbu ya watu hupita kwenda mbele, na anayetaka kuikata kumbukumbu hiyo atakata palipo laini. Mahali pamoja alikata kwa kubadilisha cheti cha kuzaliwa, pengine alikata kwa kuondoa kitabu rafuni. Sisemi makosa hayo mawili yana uzito sawa, hasha. Nasema yametoka kwenye fikra moja kuhusu mtoto, na anayeicheka sehemu ndogo ya fikra hiyo atashindwa kuiona ile kubwa.

Kuna hoja nyingine inayopendwa sana na sisi waandishi, kwa sababu inatutia moyo: kwamba marufuku haikufua dafu, vitabu vilirudi, leo Víctor anasomwa mashuleni kote Argentina na majenerali wamekufa wakiwa na aibu yao. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano Machi 1976 alikuwa na miaka kumi na mbili utawala ulipoondoka. Utoto wake wote wa kusomewa hadithi ulikuwa umepita. Kitabu kinaweza kurudi, umri haurudi. Na vitabu vingi havikurudi hata kama vitabu. Mwaka 1980, huko Sarandí, nje kidogo ya Buenos Aires, mahakama ilisimamia uchomaji wa vitabu milioni moja na nusu vya shirika la Centro Editor de América Latina la Boris Spivacow, tani 24 kwa jumla. Vilikuwa na unyevu, havikushika moto upesi, na viliungua taratibu kwa siku kadhaa huku mpiga picha Ricardo Figueira akipiga picha za moshi. Katika mji wa Córdoba, mke na mume walizika maktaba yao uani mwaka 1976, na ilipofukuliwa mwaka 2017 baadhi ya vifurushi vilikuwa vimegeuka mabonge, kurasa zimeshikana na udongo umekuwa jalada. Maelfu ya watu wengine hawakungoja askari: walichoma wenyewe, jikoni, bafuni, wakiogopa kukutwa navyo. Hakuna amri iliyoandikwa kwa ajili ya vitabu hivyo, na kwa hiyo havimo kwenye orodha yoyote inayozunguka mitandaoni. Ushindi wa mdhibiti hupimwa huko, kwenye vitabu ambavyo wazazi waliacha kuvisoma kwa sauti kwa sababu dirisha lilikuwa wazi.

Walikuwapo walioendelea, nao wanastahili kutajwa kwa usahihi. Hadithi za Devetach ziliendelea kuingia madarasani kwa sababu walimu walizidurufu, karatasi kwa karatasi, bila jina la mwandishi. Natafakari mara nyingi gharama ya tendo hilo. Mwalimu aliyedurufu mti wa Bartolo alijua kuwa kijitabu cha wizara kiko ofisini kwa mkuu wa shule, na kwamba mtoto mmoja akiisimulia hadithi nyumbani kwa baba asiyefaa, yatakayofuata hayajulikani. Lakini hata ushujaa huo ulilipiwa: ili hadithi iishi, ilibidi mtunzi wake asahauliwe kwa muda. Watoto wale walimjua Bartolo bila kumjua Laura.

Mkasa huu haujabaki kumbukumbu ya miaka 50 peke yake. Novemba 2024 kulizuka Argentina ugomvi mkubwa juu ya vitabu vilivyopelekwa na serikali ya mkoa wa Buenos Aires katika shule za sekondari. Kilichoshambuliwa zaidi kilikuwa riwaya ya Dolores Reyes, *Cometierra*, kuhusu msichana ambaye akila udongo huona walipo watu waliopotea. Makamu wa Rais Victoria Villarruel alikilaani hadharani kwa sababu ya kurasa zinazohusu ngono, taasisi moja ikafungua malalamiko ya jinai, na waandishi wakajibu kwa kukusanyika katika ukumbi wa maonyesho jijini Buenos Aires na kuisoma riwaya kwa sauti. Upande mmoja ulisema tunawalinda watoto. Upande wa pili ulisema udikteta umerudi. Nadhani pande zote mbili ziliuelewa vibaya udikteta wenyewe. Mwaka 1977 hakukuwa na ukumbi wa kusomea, hakukuwa na gazeti huru la kubishania, na mchapishaji alilala jela. Mwaka 2024 riwaya ilishambuliwa na ikauzwa kuliko ilivyowahi kuuzwa. Anayesema hayo mawili ni kitu kimoja anawapunguzia majenerali uzito wa walichofanya, na mwanafunzi mwerevu atamshinda kwa swali moja tu.

Hata hivyo hoja ya ulinzi nayo haiwezi kuachwa ipite bila kupimwa, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na sisi wa Afrika Mashariki tunaifahamu. Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilitangaza kuondoa shuleni vitabu kadhaa vya kigeni kwa sababu ya maadili, na wazazi wengi waliunga mkono. Mimi pia ni mzazi, na siamini kuwa kila kitabu kinafaa kila umri. Kuchagua kitabu cha darasa la nne ni kazi halali ya mwalimu, na kuchagua daima kuna kuacha. Kipimo changu kinahusu swali linaloulizwa. Anayemlinda mtoto huuliza kama mtoto huyu, wa umri huu, anaweza kukibeba kitabu hiki, naye huwa tayari kujibishana na mzazi mwingine, na huacha kitabu dukani kwa anayekitaka. Waraka wa 1979 haukuuliza hivyo. Hakuna umri ambao ungefaa kwa mti wa Bartolo, kwa sababu kosa la mti huo lilikuwa kuhoji mali na mamlaka, na kosa hilo halipungui mtoto akikua. Ndiyo maana María Elena Walsh, mwandishi aliyependwa na watoto wote wa nchi ile kwa nyimbo zake, aliandika katika gazeti la Clarín mwezi Agosti 1979 kwamba Argentina imegeuzwa nchi ya chekechea, ambamo watu wazima nao wanachaguliwa cha kusoma na kutazama. Ulinzi wa mtoto usio na mwisho wa umri huishia kumfanya kila raia mtoto.

Serikali ya sasa ya Javier Milei imekuwa ikitoa, kila Machi 24, video rasmi za kudai "kumbukumbu kamili", ikisisitiza mauaji yaliyofanywa na Montoneros na ERP, vikundi vya wapiganaji wa mrengo wa kushoto, na kuitilia shaka idadi ya watu 30,000 waliopotezwa inayotajwa na mashirika ya haki za binadamu, huku ikikumbusha kuwa tume iliyochunguza waliopotezwa iliorodhesha 8,961 katika ripoti yake ya mwaka 1984. Vikundi hivyo viliua, na waliouawa navyo wana watu wao wanaowalilia. Lakini hakuna mauaji ya mpiganaji yeyote yanayoeleza kwa nini dola ilimnyang'anya mama mtoto mchanga, wala kwa nini iliufungia mti wa madaftari. Na kama kweli kumbukumbu kamili ndiyo inayotakiwa, basi nina ombi moja kwa wanaopanga masomo ya siku hiyo, wa Argentina na wa popote hadithi hizi zinaposomwa. Kwa kawaida siku hiyo mtoto husomewa hadithi ya Víctor, huambiwa kuwa ilikatazwa na watu wabaya, hucheka, kisha huenda mapumziko. Asomewe na amri yenyewe. Mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kuielewa amri namba 3155. Awekewe waraka namba 480 kando ya mti wa Bartolo, atafute mwenyewe ni sentensi ipi ya hadithi iliyomkera aliyeandika waraka, na aambiwe kwamba aliyeandika alikuwa na meza, kalamu, mshahara na pengine watoto wake. Hapo atakuwa amekutana na mdhibiti kama alivyokuwa.

Wale wajukuu wanaotafutwa, zaidi ya 300 ambao hawajapatikana, leo wengi wao wanakaribia miaka 50. Walilelewa, wakapelekwa shule, wakafunikwa blanketi usiku, na mtu akakaa ukingoni mwa kitanda akafungua kitabu. Kitabu hicho kilikuwa kimoja kati ya vile vilivyoruhusiwa.